Tunaokaa ghorofani: usipike chakula cha wiki nzima, pika nusu ya kazi

Mpangaji wa Juu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wetu sisi tunaokaa kwenye apatimenti hapa Dar: vyumba viwili, jiko la kugeukia tu, hakuna uwani wa kuwashia mkaa, hakuna pa kuanikia, na mama wa mboga hapandi ngazi. Unashuka kwenye daladala saa moja usiku, foleni imeshakumaliza, unafika mlangoni huna nguvu hata ya kumenya kitunguu. Mkono unaenda kwenye simu, boda alete chipsi mayai.

Hela inavujia hapohapo. Tukikaa kulalamika matumizi tunataja kodi, king'amuzi, bando, michango ya harusi. Mimi naona kwa mtu wa ghorofani anayekula mshahara ni njaa ya saa moja usiku. Chipsi mayai Sh 3,000, soda, na buku ya boda, umeshagusa Sh 5,000. Siku tano za kazi ni Sh 25,000, mwezi ukiisha ni laki, na hapo sijahesabu nyanya na mchicha vilivyooza kwenye friji wakati wewe unakula chipsi.

Dawa inayosifiwa kwenye video ni kupika Jumapili vyakula vya wiki, kuvipanga kwenye makopo saba yanayofanana, wali na kuku, wali na kuku. Anayeweza aendelee. Ila msosi wetu haukubali sana mambo hayo. Ugali wa Jumapili huwezi kuula Alhamisi na ukaupenda, mchicha unataka kutoka jikoni sasa hivi, na wali wa siku ya nne unakuwa punje kavu zinazonuka friji. Matokeo yake Jumatano unaita boda kama kawaida, na makopo yanaenda kwenye ndoo ya taka.

Angalieni vizuri kinachotuchelewesha jikoni. Ugali ni dakika 15. Mayai ni dakika tano. Kinachokula saa ni maandalizi: kuchambua, kumenya, kukatakata, kuchemsha maharage, kukaangiza nyanya mpaka ziive. Basi hayo ndiyo ya kumaliza mapema, siku ukiwa na nafasi. Chakula chenyewe kipikwe siku ya kuliwa.

Kwangu kuna vitu vitatu havikosekani kwenye friza.

Cha kwanza maharage. Kilo moja makavu, yachambue, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa bila kuunga. Kilo moja ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu, kwa hiyo usiogope ukiona sufuria imejaa. Yakipoa yagawe kwenye vifuko, kila kifuko mlo mmoja, weka na maji yake kidogo yasikauke, kisha vilaze vifuko kama daftari ndipo vigande. Kifuko bapa kinayeyuka haraka, na vinapangika hata kwenye friza ya friji dogo. Ukigandisha kopo zima la lita mbili utalazimika kuliyeyusha lote kwa ajili ya sahani moja.

Cha pili sosi ya nyanya, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Nyanya ni kitu kinachotudanganya. Ukinunua fungu la Sh 1,000 kila siku kwa mangi wa chini, unalipia nyanya nne ambazo moja imebonyea. Ukienda sokoni siku bei imeshuka ukachukua sado nzima (kile kindoo cha kupimia), unapata nyanya za wiki mbili kwa hela ya siku chache, ila zikikaa mbichi nusu itaoza. Kwa hiyo siku hiyohiyo zikwangue au zisage. Kaanga vitunguu maji vingi kwa mafuta kiasi, tia karoti na hoho iliyokwanguliwa, mwaga nyanya, acha kwenye moto wa wastani bila kufunika. Mwanzo inarukaruka na kuwa na povu jekundu lililopauka. Endelea. Rangi inakolea, sauti ya kuchemka inabadilika inakuwa nzito, na ukipitisha mwiko unauona mstari chini ya sufuria kabla haujajifunga. Mafuta yakianza kujitenga pembeni, zima. Usitie binzari, usitie nazi, usitie mchuzi mix, wala chumvi nyingi. Iache tupu ili kesho iweze kuwa mchuzi wa samaki, kesho kutwa ya tambi, mtondo ya maharage. Gandisha kwa vikombe.

Cha tatu kitunguu swaumu na tangawizi. Menya vyote siku moja, saga na mafuta kidogo bila maji, jaza kwenye kile kitreyi cha barafu. Vikiganda vitoe uvitie kwenye kopo lenye mfuniko, maana vikikaa wazi hata barafu ya juisi itanuka swaumu. Angalizo moja: swaumu iliyosagwa ndani ya mafuta isikae mezani wala isisahaulike kwenye friji wiki nzima. Mle kwenye mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa sumu kali wanaopenda mazingira hayo. Iende kwenye friza mara tu ukimaliza kusaga.

Ukiwa na hivyo vitatu, saa moja usiku haikutishi. Kifuko cha maharage ndani ya kikombe cha sosi, huku unasonga ugali. Au chemsha tambi, pasha sosi, dondoshea dagaa waliokaangwa. Au, na hiki ndicho nakipenda kuliko vyote, pasha sosi kwenye kikaango, ikichemka chimba vishimo kwa kijiko, pasua mayai humo, funika mpaka ute uwe mweupe na kiini bado laini. Kula na mkate au chapati ya jana. Kwa kasi hiyo boda wa chipsi bado hajapata hata chenji.

Karibuni muongeze ya kwenu. Nataka hasa mambo ya umeme, gesi, na vitafunwa vya watoto.

Kaka Jero

Mkuu umeongea point tupu, lakini umeanza na friza. Mimi nina chumba kimoja ghorofa ya tatu, sina friji, nina jiko la gesi la plate moja na sufuria mbili. Watu wa hali yangu tunasimama wapi?

Mpangaji wa Juu

@Kaka Jero usijali mdogo wangu, kuna vyakula havihitaji friji. Nunua choroko badala ya maharage, haidai kulowekwa na inaiva kwa chini ya saa moja. Dagaa wakavu, mayai, viazi mbatata, vitunguu, karanga za kusaga, unga. Vitunguu na viazi usiviweke kapu moja, vikikaa pamoja vinaharibika mapema. Mayai usiyaoshe mpaka siku ya kupika, yaweke pasipo joto. Mchicha nunua wa siku hiyohiyo tu, au beba majani yasiyochoka upesi kama kabichi, inavumilia siku kadhaa ukikata kiasi na kuacha iliyobaki nzima.

Na upate chupa ya chai nzuri. Uji wa asubuhi upike usiku unapopika ugali, jiko likiwa tayari lina moto, umimine ukiwa unachemka. Saa kumi na mbili asubuhi unakunywa uji wa moto bila kugusa gesi.

Mama Pacha

Mleta uzi Mungu akubariki. Naongezea kwa Kaka Jero: choroko unaweza kuichemsha mpaka ianze kupasuka, ukazima, ukafunika vizuri na kuivingirisha sufuria kwenye blanketi zito. Inaendelea kuiva yenyewe kwa ule mvuke. Mama zetu walikuwa na kikapu chenye mito ya pamba kwa kazi hiyo. Ila msije mkafanya hivyo kwa maharage mekundu ambayo hayajachemka sawasawa. Maharage yale yakiwa nusu mabichi yanatapisha na kuharisha, lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kuyafunika, na yaive kweli.

Sasa gesi. Jamani naona watu wa ghorofani wana tabia mbaya: mtungi ukikaribia kuisha wanaulaza chini au kuutikisa ili kupata gesi ya mwisho. Mtungi umetengenezwa kusimama, juu mvuke, chini majimaji. Ukiulaza, majimaji yanaweza kuingia kwenye regileta na mpira, halafu moto ukaruka. Ukiisha umeisha. Kama una uwezo, uwe na mtungi mdogo wa kilo 6 wa akiba, hutahangaika usiku.

La pili, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipandi juu, inatambaa sakafuni. Ndiyo maana kuufungia mtungi ndani ya kabati la chini bila tundu la hewa ni hatari. Ukisikia harufu usiwashe taa wala feni, funga mtungi, fungua mlango na madirisha. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu yanayokua ujue panavuja. Kiberiti si kipimo!

Na mkaa ghorofani hapana. Siyo suala la masizi kwenye kuta za mwenye nyumba tu. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu analala haamki.

Fundi Waya

Mama Pacha umesema kweli tupu. Mimi nilete hesabu za LUKU (umeme wa kulipia kabla) maana hapa watu wanaogopa vitu vidogo na kuacha vikubwa.

Kwa sisi tulio kwenye T1 (daraja la matumizi ya kawaida), uniti moja ukishajumlisha VAT na zile tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama Sh 356. Ndiyo maana ukinunua wa Sh 10,000 unapata uniti 28 na chenji, kama siku hiyo hujakatwa kodi ya jengo. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Ukishika hilo huhitaji mtu wa kukufundisha kubana umeme.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa kumi haijafikia hata sehemu ya kumi ya uniti. Kelele zote za "zima taa" ni sawa, lakini umeme mwingi hauendi kwenye taa. Unaendea bafuni. Ile shawa ya umeme ya wati 5,000, mtu akisimama chini yake dakika 12 amekula uniti nzima. Familia ya watu wanne asubuhi ni karibu Sh 1,400 ya kuoga tu, na hii ni Dar, mji ambao maji ya bombani saa nane mchana yanatoka yenyewe ya uvuguvugu! Birika la umeme kuchemsha lita moja halifiki hata robo ya uniti, ni kama Sh 35. Chemsha lita mbili, changanya kwenye ndoo, umeoga kwa Sh 70.

Kwenye kupika ndio watu wananishangaza. Wengi mkisikia nishati safi mnadhani ni gesi tu. Ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na umeme umo. Kwa maharage anayosema mleta uzi, sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 ni kiboko. Inavuta umeme mpaka presha ijae, kisha inajikata na kujirudisha kidogo kidogo. Hata ingevuta mfululizo saa nzima, ni uniti moja, Sh 356, na haivuti mfululizo. Linganisha na saa mbili za moto wa gesi. Lakini kwa chai, mayai na mboga za majani baki na gesi, na lile jiko la koili la wati 2,000 mpe mtu unayemchukia.

Chumvi Kidogo

@Fundi Waya hapo kwenye koili umenichekesha, nilihamia nyumba yenye jiko hilo la kuchongewa ukutani, LUKU ilikuwa inasoma kama mita ya teksi.

Swali langu kwa wote: kiporo cha wali. Mama mkwe wangu anauacha kwenye sufuria mpaka asubuhi, anasema ndivyo walivyokua. Ni salama?

Mama Pacha

Shida ya wali si usiku, ni joto. Kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu masaa mengi vinazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha haiondoki. Mnaobakisha, utandazeni kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja au mbili uwe kwenye friji, kesho upasheni mpaka ufuke moshi. Na upashwe mara moja. Mama mkwe usibishane naye, wewe uwahi tu kuutandaza kwenye sinia ukisema unapunguza vyombo.

Mzee wa Ilala

Shikamooni wenye shikamoo zenu, wengine marahaba. Nimesoma. Nina neno la kupinga kidogo. Hii biashara ya kununua kwa sado na kwa gunia inasemwa kana kwamba kila mtu itamfaa. Nimeuza sokoni miaka mingi. Mtu mmoja wa ghorofani akibeba sado ya nyanya na kilo tano za vitunguu kwa sababu "ni rahisi," nusu anamlisha nzi. Rahisi ni kile unachokula chote. Kwa mtu peke yake fungu la mangi linaweza kuwa nafuu kuliko sado.

Mkitaka jumla, unganeni. Jengo lina milango 12, tafuteni watatu mnaoaminiana. Nafaka nendeni Tandale, ndizi Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, nyanya na vitunguu hapa kwetu Ilala. Nendeni asubuhi, siyo Jumamosi saa sita mkavaa miwani ya jua, mtapigwa bei ya miwani. Mgawane pale chini kwenye maegesho kwa mizani, siyo kwa macho. Ugomvi wa majirani huanzia kwenye macho.

Mpangaji wa Juu

Mzee wangu marahaba kwa marahaba yako 😂 Nakubali la kugawana. Kwa sosi bado nasimama na sado, kwa sababu haikai mbichi, inaingia sufuriani siku ileile. Ila vitunguu na viazi vya kukaa, kweli, mtu mmoja asijitwishe.

Mzee wa Ilala

Kama unasaga siku hiyohiyo hatuna ugomvi. Tena ukisaga, omba zile zilizoiva sana zilizobonyea upande, tunaziachia bei ya chini jioni. Kwa kachumbari hazifai, kwa sosi ndizo tamu.

Binti wa Kibokoni

Salaam aleikum ndugu zangu wa Dar, nawasoma kutoka Mombasa, nasi huku twaishi juu kwa juu, na token za umeme zatutoa jasho vilevile. Mbona hamjataja mbaazi? Huku asubuhi ya mahamri na mbaazi za nazi ni ada, na kwa mtu wa flati ndiyo rahisi kabisa. Mbaazi nazichemsha nyingi, nagandisha vile mlivyosema maharage. Tui lakini sitii kabla, kwani tui likigandishwa pamoja na mbaazi huachana likawa na vibonge. Tui zito naligandisha peke yake kwenye kifuko, naliongeza mwisho, moto mdogo, nakoroga bila kuacha mpaka lishike.

Mahamri nayo, pika ya wiki mbili siku moja, yakipoa tia kwenye friza. Asubuhi yatoe, yatie kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, moto wa chini kabisa. Yanarudi laini, na iliki ile bado yanukia.

Na nazi kuneni mchana jamani. Mbuzi ya kukunia nazi usiku, jirani wa chini adhani watu wanahamisha makabati.

Nusu Mkate

Hahaha binti umenimaliza. Huku kwetu tunakunisha kwa mashine sokoni, kelele wanabaki nazo wao.

Jamani dagaa. Napenda dagaa, lakini nikipika korido nzima wanajua, na kuna jirani kabandika karatasi kwenye lifti. Tufanyeje?

Mama Pacha

Harufu kubwa iko kwenye vichwa na matumbo. Toa vichwa vyote, kazi ya kukaa mbele ya runinga na watoto, osha kwa maji ya moto mara mbili, ya pili yawe na ndimu, kamua, kausha na kitambaa. Kaanga wengi mara moja kwa mafuta kidogo mpaka wawe wakavu kabisa wakilia ukitikisa, siku moja ya dhambi kwa wiki mbili za amani. Fungua dirisha la jikoni, funga mlango wa korido, weka taulo chini ya mlango. Baadaye unachota tu kopo unaunga kwenye sosi, na dagaa waliokwisha kukaangwa hawanuki sana tena.

Samaki wabichi mimi siwaleti nyumbani wakiwa na magamba hata siku moja. Naenda soko la samaki la Feri, Kivukoni, asubuhi, pale kuna vijana wa kupara na kuna wakaangaji na makarai yao. Unanunua, wanapara, wanakaanga, unarudi na samaki aliyeiva. Unalipia kidogo, lakini mafuta, gesi, magamba kwenye sinki na harufu ya siku tatu vyote umeviacha Kivukoni.

Mpangaji wa Juu

Hii ya Feri ni dhahabu.

Vitafunwa sasa, maana watoto wa ghorofani hawana mahali pa kukimbilia, kila nusu saa wanafungua friji. Biskuti na krispi za dukani ndizo zinamaliza chenji bila kuonekana. Kwangu ni bisi, viazi vitamu na karanga.

Bisi kila mtu anajua, mahindi ya bisi nusu kikombe yanajaza bakuli kubwa. Viazi vitamu navipika kwa mvuke juu ya sufuria ya kitu kingine, gesi moja kazi mbili.

Karanga nizieleze, kwani wengi wanaziunguza. Chukua karanga mbichi zenye ganda jekundu, nyunyizia maji ya chumvi kali, changanya kwa mkono mpaka zote zilowe, tandaza kwenye sinia karibu na dirisha zikauke kwa juu. Sufuria nzito, chumvi ya mawe au ya kawaida vijiko vitatu vikubwa ndani, ipate moto. Mimina karanga, moto wa chini, koroga bila kuondoka, simu iweke mbali. Zitaanza kulia polepole. Chukua moja, iache ipoe, isugue kwa vidole: ganda likitoka kirahisi na ndani ikiwa rangi ya siagi, epua hapohapo. Usisubiri ziwe kahawia, maana zikiwa sinia bado zinaendelea kuiva kwa joto lake. Chekecha chumvi, ihifadhi kwa awamu ijayo. Zikipoa ndipo zinakuwa kavu za kuvunjika, zikiwa moto huwa laini hata zikiwa zimeiva, usishtuke ukazirudisha.

Chumvi Kidogo

Mimi cha mkate mkavu. Ule mwisho wa mkate ambao hakuna anayeutaka, naukausha, nausaga unga, natumia kwa katlesi za viazi. Mkate wa juzi nachovya kwenye yai lenye maziwa na chumvi, nakaanga. Na ugali uliobaki naukata vipande virefu nakaanga na mafuta kidogo, watoto wanagombania, wanaita chipsi za ugali.

Fundi Waya

Mnaojaza friza, umeme ukikatika msikimbilie kufungua kuangalia. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashika baridi karibu siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Chini kwenye friji la kawaida hesabu saa nne tu. Kwa hiyo nafasi tupu kwenye friza wekeni chupa za maji, zinaganda na kushika baridi. Na mpate kile kifaa cha kulinda friji, umeme ukirudi huwa unarudi na hasira.

Kaka Jero

Nimeanza na choroko na uji wa chupa. Wakuu hapo kwenye uji mmeniokoa. Sasa mwenye vipimo vya chapati za maji anipe, maana zangu zinatoka kama kandambili.

Mama Pacha

Unga wa ngano vikombe viwili, maji vikombe viwili lakini usimwage yote kwa mpigo. Tia kikombe kimoja kwanza, piga mpaka madonge yaishe, ndipo umalizie. Mayai mawili kama yapo, chumvi, sukari kijiko kimoja, na kitunguu au jani la kitunguu lililokatwa ndogo ndogo. Uache mchanganyiko upumzike robo saa, hapo ndipo zako zinakwama, wewe unakaanga papo hapo. Ukichota upawa, unga utiririke kama uji mwepesi, ukiwa mzito ongeza maji.

Kikaango kiwe na moto kweli, mafuta kijiko cha chai tu, mimina, zungusha upesi. Usiguse mpaka juu pasiwe na unyevu unaong'aa na pembeni paanze kujiachia. Geuza, mafuta kidogo pembeni, nusu dakika, toa. Zipange kwenye sahani na kuzifunika kwa sahani nyingine, mvuke wake ndio unazilainisha. Ya kwanza huwa inashika kikaango kwa kila mtu, hiyo ile ukiwa umesimama palepale jikoni, usimwite mtu.

Kaka Jero

Ahsante mama. Nashuka kuchukua unga sasa hivi, mangi anafunga saa nne.